Bakuli la Kaniki

Mwaka ule vitambaa vilirudi madukani Tanga. Watu walikuwa wamechoka kupanga foleni kwa khanga moja, sasa kila mtu alitaka nguo mpya ya Idi. Hilal, fundi cherehani wa Makorora, alijaza vitambaa vya wateja chumba kizima. Mlinzi wa vitambaa hivyo alikuwa mmoja tu: paka dume mweusi, jina lake Kaniki.

Nasima, mke wa Hilal, ndiye aliyemlea Kaniki tangu hajafumbua macho. Alimpenda, wala hakuficha. Kabla ya Kaniki, panya walitafuna suruali ya mteja ikabaki mguu mmoja.

Asubuhi moja Hilal alimwita mkewe kutoka chumba cha kushonea.

"Mama Tuhfa, njoo uone kazi ya huyu paka mwanao."

Juu ya kitambaa cheupe cha kanzu palikuwa na matone ya mkojo, mekundu kidogo.

"Hii mara ya tatu," Hilal alisema. "Ijumaa nampeleka sokoni, akaishi na vichwa vya samaki."

Moyo wa Nasima ulimwuma. Pale pembeni Kaniki alichuchumaa, akajikamua, kikatoka kitone kimoja. Akalia.

"Huyu hajakosa adabu, mume wangu. Anaumwa."

"Si ulishampa dawa?"

Alishampa, mara mbili. Lakini kila paka alipochangamka, Nasima alifungia kabatini vidonge vilivyobaki. Miaka ya uhaba ilimfundisha kuweka akiba ya kila kitu, hata dawa.

Akamtia Kaniki kapuni, akaenda kwa jirani yake Praxeda, aliyefanya kazi ofisi ya mifugo. Praxeda alimgusa paka tumbo taratibu.

"Una bahati, bado anatoa kidogo. Dume akiziba kabisa, siku mbili tatu nyingi, anakufa. Hiyo si ya kungoja kesho. Twende kwa daktari sasa hivi."

Daktari wa mifugo alimtibu, akatoa vidonge vya siku kumi. Jioni Praxeda alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Anakula nini huyu?"

"Ng'onda. Kwetu Pemba paka hakatai ng'onda."

"Samaki mkavu, tena wa chumvi. Na maji anakunywa wapi?"

Nasima alitazama huku na huku. Mtungi umefunikwa. Ndoo imefunikwa. Hata kopo la bafuni lina kifuniko. Mama yake alimfundisha kuwa maji hayaachwi wazi, naye alishika mafunzo mpaka yakapita kiasi.

"Mbona hajawahi kuomba?" Nasima aliuliza.

"Angekuomba kwa Kipemba?"

Wote wakacheka, hata Hilal.

"Paka asipokunywa, mkojo unakuwa mzito na unakaa sana kibofuni," Praxeda alieleza. "Humo hujitengeneza chembe kama mchanga, na vijidudu hupata makazi. Maji mengi huvisafisha. Na dawa ukiikatiza njiani, ugonjwa unarudi. Vidonge vyetu sisi watu usimpe kabisa. Panadol inaua paka."

Basi Nasima akaweka bakuli pana la maji, akalibadilisha asubuhi na jioni. Samaki akawa mbichi, wa kuchemsha bila chumvi, pamoja na mchuzi wake. Uani akaweka boksi la mchanga, akaliondolea uchafu kila siku. Hilal naye alichukua chaki yake ya kukatia nguo. Kila kidonge kilipomezwa, alichora mstari ukutani.

Ijumaa ilifika, mistari ilikuwa minne. Nasima alimtazama mumewe kwa wasiwasi.

"Leo si siku ya sokoni?"

"Nimfukuze mgonjwa na dozi haijaisha? Ngoja kwanza."

Mistari ikafika kumi. Idi ikaja, wateja wakavaa nguo zisizo na tundu wala doa. Miezi ikapita, ugonjwa haukurudi, na habari ya sokoni hakuna aliyeitaja tena.

Ila Hilal alipata tabia mpya. Kila akiamka, kabla hata ya kunawa uso, huuliza:

"Kaniki kakojoa?"

"Sabalkheri kwanza, mume wangu," Nasima humjibu. "Kakojoa, tena vizuri."