Taitai ya Kumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Moza hukaa na mama yake barazani wakitia taitai kwenye kamba za mwani. Taitai ni vijikamba vyembamba vya plastiki. Hufungwa kwenye kamba ndefu, moja baada ya nyingine, na kila taitai hushika shina moja la mwani. Maji ya bahari yakitoka, kamba hupelekwa pwani ikafungwa baina ya vigingi viwili. Moza ana miaka kumi na miwili, na vidole vyake vinakwenda mbio kuliko vya mama yake, Bi Biasha.

Lakini Jumatatu ile vidole vilikuwa vimelala. Moza alishika daftari, anasoma kwa sauti, mguu unacheza.

"Utanifungia kamba au utanihutubia?" Mama akauliza.

"Leo ndiyo leo, Mama. Ninazo kumi! Darasa zima hakuna mwenye kumi."

Wiki moja kabla, Mwalimu Abeid aliandika ubaoni neno moja fupi la Kiingereza: tie. Aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba neno hilo ni dogo lakini lina kazi nyingi. Akawataka walete sentensi hadi kumi, kila moja ionyeshe kazi tofauti ya neno hilo. "Kamusi ni marufuku," alisema. "Nataka kila sentensi itoke kwa mtu wa kisiwa hiki. Muulizeni, mumsikilize." Atakayefanya vizuri kuliko wote angekwenda mjini Kilindoni kwenye mashindano ya Kiingereza ya shule za kisiwa.

Moza hakupumzika wiki nzima. Mama yake, anayesoma madarasa ya jioni ya watu wazima, alimpa sentensi ya kwanza, ya kufunga taitai. Nahodha Mkadam, anayevusha wageni kutoka Utende kwenda Chole, alimpa ya kufunga boti gatini. Kocha Dulla alimwambia kwamba timu mbili zikitoka sare, neno ni hilohilo. Nesi alimpa ya kufunga kitovu cha mtoto mchanga. Muuza duka alimwonyesha tai ya shingoni. Dada mmoja wa hotelini alimweleza kwamba mzungu akitingwa na kazi husema naye amefungwa. Watu wengine watatu wakampa moja moja, zikafika tisa.

Kila alipopata sentensi, Moza alimsimulia Sabra, rafiki yake wa dawati moja, akimwigizia Nahodha anavyokohoa na Kocha anavyopiga filimbi. Ijumaa, zilipotimia kumi, Sabra akaliazima daftari. "Nataka tu nione ulivyopiga mistari," alisema. Akalirudisha Jumapili jioni.

Sentensi ya kumi peke yake ndiyo ambayo Moza hakumsimulia mtu.

Darasani, Mwalimu Abeid alianza na dawati la mbele, upande wa Sabra. Sabra akasimama, akakohoa kidogo, akasoma. Ya taitai. Ya boti. Ya sare. Moza alihisi masikio yanawaka moto. Sabra akasoma ya kitovu, ya tai, na zote zilizofuata kwa mpangilio uleule, mpaka ya kumi, ile inayotaja mataruma ya reli, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma.

"Kumi!" Mwalimu akapiga makofi. "Haya, Moza."

Moza alisimama, akaanza kusoma. Alipofika sentensi ya tatu darasa likaanza kucheka.

"Kakopi huyo!" Sudi akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sijakopi! Yeye ndiye aliyekopi! Daftari langu alikaa nalo tangu Ijumaa mpaka jana!"

"Mwongo," Sabra alisema, lakini macho yake yalikuwa juu ya dawati.

Mwalimu Abeid alichukua madaftari yote mawili, akayaweka sambamba. Uso wake ukabadilika. "Neno kwa neno! Moza, unaniona mimi mtoto? Mwenzako kasoma, nawe unanisomea yaleyale?" Akachora mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona ya ukurasa wa Moza. "Kaa chini."

Moza hakukaa. Alitoka nje bila ruhusa, akapita uwanjani, akashika njia ya pwani.

Maji yalikuwa yametoka. Bi Biasha alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, anafunga kamba kwenye kigingi. Moza aliingia na sare yake ya shule, akaishika kamba ya karibu na kuivuta kwa nguvu, taitai mbili zikakatika.

"Mwani huo umekukosea nini?" Mama aliuliza.

Moza akasema yote kwa kelele. Aliposema "kanichorea mstari mwekundu," sauti ilikatika, akalia kama mtoto mdogo. Bi Biasha alisikiliza bila kumkatiza. Hasira ilimpanda taratibu kama maji yanavyojaa. Mwisho ikamfika shingoni.

"Wiki nzima nimekuona unakwenda na jua unarudi na jua. Mwanangu mimi aitwe mwizi? Twende."

"Mama, nguo zako zimelowa."

"Zitakauka njiani!"

Bi Biasha alibisha hodi mlangoni mwa darasa na kanga yake inachuruzika. Watoto wakageuka kumtazama.

"Karibu, Mama Moza," Mwalimu alisema kwa mashaka.

"Sijaja kukaribishwa, Mwalimu, nimekuja kwa hasira. Kila sentensi ina mtu wake. Muulize mwanangu kaitoa wapi, kisha umuulize na huyo mwenziwe."

Mwalimu alikubali. Alimwuliza Moza kuhusu sentensi ya pili, Moza akajibu. Akamgeukia Sabra. Sabra naye akajibu: ni ya Nahodha Mkadam, gatini Utende, siku ya Jumanne. Ya tatu? Kocha Dulla, baada ya mazoezi. Alijua yote, kwa kuwa Moza mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Moza alimtazama rafiki yake, akatamani kumvuta nywele.

"Wote wawili wanajibu," Mwalimu alisema. "Nitajuaje, mama?"

"Utajua kwa neno langu," Bi Biasha alisema. Alisogea mbele, akainua mkono wa kulia. Ulikuwa umekunjamana kwa maji ya chumvi. "Mimi si mtu wa kuapa ovyo, Mwalimu. Lakini juu ya mtoto huyu nitaapa. Hajanakili wala hajavunja sharti lako hata moja. Naapa kwa Mwenyezi..."

"Mama, usiape!"

Sauti ilimtoka Moza kabla hajajua. Mkono wa Bi Biasha ulibaki hewani.

Moza aliona safari ya Kilindoni inamponyoka, lakini mkono ule ulioinuliwa kuapa uongo ulimwuma zaidi. "Usiape, Mama. Sijanakili kwa Sabra. Lakini sharti nimelivunja. Ile ya kumi, ya mataruma ya reli, hakuna mtu aliyeniambia. Nimeitoa kwenye kamusi yako. Ukurasa nimeukunja, ukienda nyumbani utauona. Nilitaka zitimie kumi."

Bi Biasha aliushusha mkono polepole.

Mwalimu Abeid alivua miwani. "Hukumwambia mtu kuhusu hiyo?"

"Sikumwambia mtu. Niliona aibu."

"Sabra," Mwalimu aliita, "mataruma ya reli alikuambia nani? Kisiwani hapa reli hatuna."

"Nahodha Mkadam," Sabra alijibu haraka. Kisha akamgeukia Moza. "Mimi nilidhani nayo kakupa Nahodha!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Sabra alijifunika uso kwa mikono. Alisema kutoka humohumo mikononi kwamba wiki nzima alikuwa analea mdogo wake, mama yake yuko pwani kwenye mwani, hakupata nafasi ya kumwuliza hata mtu mmoja.

"Ungesema!" Moza alifoka. "Ungeniambia, tungezunguka wote, mtoto ningekubebea! Umeniacha nasimama hapa naitwa mwizi!"

"Naona hasira humu ndani zinatosha," Mwalimu Abeid alisema. "Yangu nayo ilikuwa na makosa. Moza, nilikuhukumu kabla sijauliza. Naomba radhi, kwako na kwa mama yako, mbele ya darasa hili." Akafuta jasho. "Lakini sharti ni sharti. Sabra, utaanza upya na utaniletea tano zako mwenyewe. Moza, tisa zako ni nzuri kuliko zote nilizosikia leo, ila Kilindoni hutakwenda. Atakwenda Sudi."

"Mimi?" Sudi alishtuka. "Mimi ninazo sita tu!"

"Sita za kweli."

Jioni Moza alikaa barazani, midomo kaivuta, anafunga taitai kana kwamba anazinyonga. Mama yake alikuja na kamusi, akaukunjua ule ukurasa, akaulaza kwa kiganja.

"Bado una hasira?"

"Ninayo. Kwa Sabra, kwa Mwalimu. Na kwa Sudi pia."

"Sudi kakosa nini, maskini?" Mama akacheka kidogo, kisha akaivuta kamba mpaka ikakaa baina yao. "Tazama. Hapa pana taitai tisa madhubuti na moja imelegea. Wimbi likija litaanza na ipi?"

"Iliyolegea."

"Na mwani ukichomoka hapo, hujikokota ukavuta na wa jirani. Hasira yako kwa Sabra ni haki yako, mwanangu, sikukatazi. Lakini mwenye haki akificha uongo mdogo ndani ya haki yake, siku ya kudai hukosa pa kushika. Nami ungeweza kuniacha niape uongo kwa ajili ya mapenzi. Hukuniacha. Ukweli unaosemwa bila kupoteza kitu ni rahisi. Wako leo umekugharimu Kilindoni, na mimi najivunia huo kuliko kumi kwa kumi."

Moza aliifungua ile taitai iliyolegea, akaifunga upya, akaikaza kwa meno.

Nje pakasikika hodi. Sabra alisimama hapo na mdogo wake kiunoni, daftari kwapani.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwalimu kasema niulize watu. Nimekuja... Moza, naomba unisamehe."

Moza alimtazama. Mtoto alikuwa anamnyonya Sabra kola ya sare.

"Sijakusamehe bado," alisema. Akamrushia kifungu cha taitai. "Nipe mtoto. Wewe kaa, funga kamba. Ukifunga ndiyo utaweza kumwuliza Mama sentensi yako ya kwanza."