Kitenzi Alichokimeza Mkalimani

Mwalimu alikutwa amelala chali kando ya meza yake ya kazi, miwani ikiwa bado usoni, kioo kimoja kimepasuka. Damu iliyomtoka kisogoni ilikuwa imekaukia kwenye zulia. Aliyemkuta ni mfagizi wa jengo, na yowe alilopiga liliwatoa watu ofisini ghorofa zote.

"Kona ya meza hii ni kali," Sajini alisema, akichuchumaa. "Kateleza, kaiangukia. Bahati mbaya tu."

Inspekta alikuwa anazunguka chumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ilikuwa ofisi ndogo ya tafsiri: kamusi nene, kinasa sauti, viti vya wanafunzi. Karibu wakalimani wote wa mahakama mjini walipita mikononi mwa mama huyu, na sheria yake ilikuwa moja: ukivuka kizingiti chake, Kiswahili unakiacha nje. Mle ndani ni Kiingereza tu, hata kuomba maji.

"Kateleza wapi?" Inspekta aliuliza hatimaye. "Zulia limepigiliwa misumari pande zote. Hapa hata mlevi hatelezi."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alimwonyesha jambo la pili. Juu ya viwiko vya marehemu, mikono yote miwili, palikuwa na michubuko: alama ya dole gumba upande mmoja, vidole upande mwingine.

"Alishikwa kwa nguvu muda mfupi kabla ya kuanguka."

"Akasukumwa?"

"Mimi nasema alishikwa. Kusukumwa utasema wewe, Inspekta."

Shahidi alikuwa mmoja. Mhandisi mgeni, mzee mrefu aliyefunga tai hata kwenye joto lile, alikuwa amefuata vyeti vyake vilivyotafsiriwa. Alikuta mlango umefungwa, akasikia maneno makali ndani, akaona haya kubisha, akarudi zake. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Kiingereza cha Inspekta nacho kilitosha kusoma maelekezo ya dawa. Basi akaitwa Mkalimani.

Mkalimani alikuwa wa kila mtu: wa polisi, wa mahakama, wa hospitali. Shati lake halikujua kukunjamana. Yeye na Inspekta walitaniana miaka na miaka. "Afande," angemwambia, "siku utakayocheka nitaitafsiri kwa lugha zote ninazozijua." Lakini siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha, na alikuwa akimwita mwanangu.

"Kama huwezi leo, nitatafuta mwingine," Inspekta alimwambia.

"Nitaweza. Hii ndiyo heshima yangu ya mwisho kwake."

Kinasa sauti kikawashwa. Mhandisi alisema polepole na kwa kirefu, kama anayesoma hotuba. Mkalimani akameza mate.

"Anasema alimsikia Mwalimu akizungumza kwa simu. Alikuwa amekasirika. Alisisitiza kwamba mtu fulani alikuwa ameshaondoka."

Maneno yalikuwa mengi yakatoka machache. Inspekta aliliona hilo, akajiambia labda Kiingereza kina mbwembwe.

"Muulize kama mle ndani kulikuwa na mtu mwingine."

Mkalimani aliuliza. Mhandisi alifikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana, Afande."

Mhandisi alipanda ndege akarudi kwao. Mkuu wa kituo akataka jalada lifungwe: ajali. Inspekta aliomba siku chache, akapewa kwa shingo upande. Nyumbani alianza chai asiimalize, akasimama dirishani, akakaa, akasimama tena.

"Mke wangu, kaa basi," mumewe alimwambia. "Unatutia kizunguzungu."

"Mtu aliyekuwa peke yake hashikwi mikono, baba watoto."

"Na mtu aliyekaa hachoki miguu."

Asubuhi iliyofuata kampuni ya simu ilijibu. Siku ile simu ya Mwalimu haikupiga wala kupokea.

Inspekta alichukua kinasa sauti, akaenda kwa binti wa marehemu. Binti alikuwa mfamasia, lakini alikuwa amenyonya sarufi pamoja na maziwa. Walikaa chumba cha nyuma cha duka la dawa, katikati ya maboksi. Binti akavaa visikizio, akainamisha kichwa.

"Rudisha nyuma," alisema. Kisha tena, "Rudisha."

Akavivua, akaviweka juu ya boksi.

"Hajataja simu. Hakuna simu popote."

"Hilo nililitegemea. Na ile ya kuondoka?"

"Hakusema mtu ameondoka. Alisema mama alisisitiza kwamba mtu aondoke. Alikuwa anamfukuza, Inspekta. Mtu alikuwa mle ndani."

"Mkalimani hawezi kuchanganya?"

"Sisi tukisema aondoke au aliondoka, sikio linajua papo hapo. Kwa Kiingereza tofauti ni nyembamba. Ukiwa na kitenzi cha kusisitiza, cha kudai au cha kupendekeza, halafu ukaweka neno 'kwamba,' basi kitenzi cha kinachoagizwa kinabaki kitupu, hakivai wakati: 'leave,' yaani aondoke. Ukisema 'left,' yaani aliondoka, amri imegeuka habari. Mtaani watu hawajisumbui, wanasema tu alimwambia atoke, yameisha. Huyu mzee anasema Kiingereza cha ofisini. Mwanafunzi mgeni angekosea. Aliyefundishwa na mama yangu? Hapana."

"Amri ikageuka habari," Inspekta alirudia.

"Na kuna zaidi. Mhandisi alisema mama alimtaka huyo mtu aende kwa hakimu. Hilo halikutafsiriwa kabisa. Limemezwa. Halafu wewe uliuliza kama kulikuwa na mtu. Yeye akamuuliza mgeni kama alimwona mtu. Mlango umefungwa, angemwonaje?"

Inspekta alitoka bila kuaga vizuri. Barabarani alitembea kasi, akapita gari lake, ikambidi arudi. Angefurahi kama mwongo huyo angekuwa mtu asiyemjua.

Mchana huo Mkalimani aliingia chumba cha mahojiano akitabasamu. "Leo nani kaponzwa na ulimi wake, Afande?"

"Keti. Kazi ya leo ni fupi."

Sajini alisimama mlangoni. Inspekta alisoma sentensi ya Kiingereza kutoka kwenye kikaratasi alichoandikiwa na binti, ulimi ukijikwaa: daktari alipendekeza kwamba mgonjwa afanye nini?

"Apumzike," Mkalimani alisema.

"Si alipumzika?"

"Afande! Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

Akasoma ya pili: hakimu na watu waliokuwa wakipiga kelele.

"Hakimu alitaka wanyamaze."

"Vizuri." Inspekta akabonyeza kinasa sauti. Sauti ya mhandisi ikajaza chumba, taratibu, kila neno mahali pake. "Tafsiri."

Feni ilizunguka. Mkalimani alitazama mikono yake.

"Nilikuwa na msiba. Nilichanganyikiwa."

"Simu uliitoa wapi?"

Mkalimani alinyoosha mkono wa shati uliokuwa umenyooka tayari.

"Na hakimu ulimpeleka wapi?"

"Afande..."

"Mle ndani alikuwa nani?"

Mkalimani akasema kwa sauti ndogo, "Aondoke. Alisisitiza niondoke."

Inspekta alimkumbusha kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani.

"Maneno hayo nimewatafsiria wengi."

"Leo yasikilize."

Akaeleza. Kulikuwa na kesi ya mwashi mmoja aliyeshtakiwa kwa kumuua shemeji yake. Daktari mgeni alitoa ushahidi kwa Kiingereza: alishuku kwamba jeraha lilitokana na nyundo ya mwashi. Alishuku tu. Mkalimani akaiambia mahakama kwamba daktari anathibitisha. Mwashi akafungwa maisha.

"Nani alikupa kitu?"

"Hakuna. Wallahi hakuna. Daktari alikuwa anakwenda kasi, mtu akakohoa, kitenzi kikanipita. Nilisikia 'kwamba,' na yote yaliyofuata. Kabla ya 'kwamba' palikuwa patupu."

"Si ungemwomba arudie?"

"Mimi? Mbele ya mawakili wote wale?" Alicheka kicheko kikavu. "Nikajaza pengo."

"Ukajaza kwa maisha ya mtu."

Mkalimani akaendelea. Mwalimu alipata rekodi ya kesi ili afundishie wakalimani wapya. Akasikia. Akamwita, akamtaka aende kwa hakimu kabla rufaa ya mwashi haijasikilizwa. Mkalimani akamwomba muda. Mwalimu akasema mwashi naye hana muda; yeye Mkalimani aondoke ofisini kwake asirudi mpaka awe amesema kweli.

"Nilimshika mikono anisikilize tu. Akajinasua. Nikamsukuma."

"Alipoanguka, alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Alisema lolote?"

Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola. "Aliniita mwanangu. Kwa Kiswahili."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango nikateremka ngazi."

Sajini aligeukia ukuta. Inspekta alimsomea maelezo yake neno kwa neno. Akayatia sahihi.

Binti wa Mwalimu alikuwa akisubiri kwenye benchi la mapokezi, bado na koti jeupe la kazini. Sajini alimvuta Inspekta kando. "Mwambie alikufa palepale, Afande. Inatosha."

Inspekta alikaa karibu na binti, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, mama yako hakufa palepale. Aliachwa akiwa anapumua. Alimwita Mkalimani mwanangu, naye akaondoka."

Binti alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Inspekta hakuongeza wala kupunguza neno. Kisha binti akapangusa uso kwa mkono wa koti.

"Na huyo mwashi?"

"Mwendesha mashtaka ameomba rekodi ya kesi isikilizwe upya."

"Nani ataitafsiri?"

"Bado hatujampata."

"Mtafuteni asiye na msiba," alisema, akisimama. "Lakini siku hiyo mniite. Nitakaa pembeni nisikilize."

Akachukua mkoba wake, akamuuliza Sajini njia ya kwenda chumba cha maiti alikolazwa mama yake.