Ndege wa Karibu na Njia

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinachezacheza jikoni kwa Mama Efrazia, maji ya chai yakichemka kabla hakujakucha. Yusta, mpangaji wake, aliketi kitandani amejitanda kitenge, macho mekundu mbele ya kompyuta. Akaiamuru programu ichore tena mstari wa hesabu yake. Ikachora uleule.

Yusta alikuwa mwanafunzi kutoka Morogoro, akihesabu ndege wa msitu wa Magamba. Stephano, kijana wa hapo aliyewajua ndege, aliwaona na kuwataja, yeye akapima umbali wao kutoka njiani na kuandika. Walikutana sokoni Lushoto, siku kapu la matunda la Yusta lilipomwagika na kijana huyo akapiga magoti kwenye matope, na suruali yake ya Jumapili, akamwokotea. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mstari ule wa idadi ya ndege hutakiwa kuanza juu, njiani penyewe, kisha ushuke taratibu kadiri umbali unavyoongezeka, maana ndege wa karibu huonekana na wa mbali hupotea machoni. Wake ulianzia chini, ukapanda hadi mita kumi, ndipo ukashuka. Mwalimu wake alishasema kazi ya namna hiyo haipokelewi.

Akapiga simu.

"Stephano, ndege wa karibu ulikuwa huwatazami?"

"Na wewe umeamkaje, mpenzi?"

"Sitanii! Ulikuwa unasinzia? Kazi yangu yote imeharibika."

"Nakuja," akasema kwa sauti iliyochoka.

Alifika na sweta lake la kijani, limelowa umande hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Alipopokea kikombe, Yusta akaiona mikono yake. Ilikuwa imevimba, ina malengelenge.

"Umefanya nini?"

"Upupu." Stephano akatazama chini. "Siku ya kwanza ulikuwasha mpaka ukalia. Tangu hapo, kila siku ya kuhesabu, natangulia na panga naufyeka kabla hujaamka."

Yusta akaduwaa. Panga likilia msituni alfajiri, ndege gani atabaki kando ya njia?

"Umewafukuza, Stephano."

"Nilidhani wanarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Nakujua, kichwa ngumu wewe."

Yusta akacheka, akalia, vyote kwa uchovu. Akaishika ile mikono, akaipaka mafuta ya Mama Efrazia polepole.

"Nisamehe. Nimekuona mvivu."

"Hata mimi nisamehe. Nimekuharibia."

Hesabu ile haikuponyeka. Ilimbidi ashuke Morogoro akamweleze mwalimu ukweli. Huenda angeruhusiwa kuanza upya, huenda kazi ingefia hapo. Stendi ya Lushoto, Stephano alimpandishia begi, akasimama chini ya dirisha la basi mpaka injini ikawaka.

"Wakikuruhusu, sifyeki tena. Utawashwa."

"Acha niwashwe."

"Na wakikukatalia?"

Yusta akanyoosha mkono dirishani, akamshika vidole.

"Wakikukatalia, njoo hivyohivyo. Usije kuhesabu kitu. Njoo unitembelee tena."