Malipo ya Kuhesabu Karata

Kila kitu kiliharibika Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa nne na robo asubuhi, hapa Reno, mji wa kamari. Nilikuwa jikoni kwenye kasino, mikono imezama kwenye sinki la masufuria kama kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Mlinzi akaja akasema, "Stuckey, vua aproni. Unaitwa juu." Sikuuliza kwa nini. Wakubwa huwa hawamwelezi mtu wa sinki kwa nini.

Ninyi mnaosoma, acheni kwanza niwaeleze kilichotangulia. Nina watoto wawili. Lyle alikuwa na miaka ishirini na mbili, maneno mengi, kazi hana. Nadine alikuwa na miaka kumi na tatu, na kichwa chake hakukitoa kwangu, maana mimi shule niliiacha darasa la sita. Mama yao, Lorraine, aligawa karata kwenye kasino ile ile miaka kumi na minane, akivuta moshi wa sigara za wageni mpaka mapafu yakaisha. Alipokufa, wakubwa walileta kikapu cha matunda. Nusu yalikuwa yameoza.

Karata zikichakaa, kasino huzitoboa tundu katikati na kuzitoa bure. Nilizileta nyumbani watoto wachezee, na nilidhani wanacheza. Kumbe majira yote ya baridi Nadine alikuwa akimfundisha kaka yake kuhesabu.

Njia yenyewe si ndefu. Katika mchezo wa ishirini na moja, karata ikishatoka hairudi mpaka zichangwe upya. Ikitoka ndogo, kuanzia mbili hadi sita, unaongeza moja kichwani. Ikitoka kumi, au yenye picha, au ree yenye herufi A, unapunguza moja. Hesabu ikipanda, ujue kubwa bado zimebaki, unaongeza dau. Si wizi, wala sheria haikatazi. Nadine aliimaliza pakiti nzima kwa sekunde ishirini na mbili. Lyle alihitaji dakika nzima, na bado alikosea.

"Mfalme umemwongeza badala ya kumpunguza," Nadine alimwambia. "Humo kichwani kwako mna nini, uji?"

"Endelea kufundisha, bibi kizee. Tukishinda, Baba haoshi tena sufuria."

"Basi usiende kuchezea kazini kwake. Nenda kwingine."

"Pale wagawaji wote nawajua. Walikuwa rafiki za Mama. Nani atanigusa?"

Nadine alinisimulia hayo baadaye, wakati hayakuwa na faida tena.

Nilipofika juu kwenye meza za karata, Lyle alikuwa ameshinda dola mia mbili ishirini na nane kwa saa moja. Kando yake aliketi Merle, mzee mstaafu, kitabu cha kufundisha kuhesabu karata kimetokeza mfukoni, midomo ikicheza kama anayesali. Merle alihesabu vibaya kila siku, na asubuhi hiyo alikuwa amemaliza pensheni yake ya mwezi. Bwana Kessler, msimamizi wa meza, alimpigapiga begani.

"Profesa wetu! Mleteeni nyama na mayai, kasino inalipa."

Kisha akamgeukia mwanangu. "Wewe kijana, cheza mchezo wowote humu ndani, ila huu basi."

"Nimefanya kosa gani?"

"Hujakosea hata mara moja. Hiyo ndiyo shida yako."

Walikuwa wameshaona jina Stuckey kwenye kitambulisho chake. Ofisini Kessler aliuliza nani kamfundisha. Lyle hakusita. "Dada yangu. Ana miaka kumi na tatu."

Kessler alicheka mpaka akafuta machozi. "Binti wa mwosha sufuria!" Kicheko kilipoisha, alinyoosha mkono. "Beji yako, Stuckey."

"Bwana, nina miaka kumi na tisa hapa."

"Basi mlango unaujua."

Lyle alizichukua dola zake, akapanda basi la kwenda Sacramento siku hiyo hiyo. Hakutuachia hata senti.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira isiyoweza kumfikia Kessler, nikamshushia mtoto. Nilimwaga karata zote mbele yake. "Hesabu! Si unajua? Hesabu siku tutakazokula viazi vitupu!" Alianza kuhesabu kweli, machozi yakidondokea karata. Nikamwambia mama yake alikufa kwa sababu ya karata, na yeye sasa amezifuga nyumbani.

"Wewe ndiye uliyezileta, Baba," alisema.

Nilizizoa zote nikazitupa ndani ya jiko lenye moto, zikaungua.

Jumatatu Nadine alimweleza mwalimu wake wa hesabu, Bi Haugen, naye akatuita shuleni sote wawili. Alisikiliza, kisha akachukua chaki.

"Mhesabuji mzuri, katika kila dola mia anazoweka, hutarajia faida ya dola moja hivi. Kwa madau madogo ya Lyle, saa nzima ni kama dola mbili. Hizo nyingine zote ni bahati tu. Kesho ingeweza kumgeuka akapoteza mia tatu, na hesabu yake sahihi kabisa. Wewe, Bwana Stuckey, ulilipwa ngapi?"

"Dola nne na senti kumi kwa saa."

"Basi masufuria yalilipa mara mbili ya karata."

Nadine aliinamisha kichwa. Miezi minne ya jioni zake ilikuwa imefutika pale ubaoni, na kazi yangu pamoja nayo.

Bi Haugen si mtu mbaya. Alikuwa ameshazungumza na mpishi mkuu wa shule, nikapata kazi ya kuosha masufuria ya hapo, dola tatu na senti tisini kwa saa. Njaa hatukulala nayo. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Sikiliza, Nadine. Kumfundisha kaka yako kwa siri lilikuwa kosa, na mmelilipia. Kuhesabu karata hakufai: ukishindwa wanakula pensheni yako, ukiweza wanakutoa nje. Lakini kichwa chako ni kizuri. Kifanyishe kazi kwa bidii, ukipeleke mahali ambapo mtu hafukuzwi kwa kupata jibu sahihi."

Nadine alifuta pua kwa mkono wa sweta. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mwalimu.

"Ni wapi huko, Mwalimu?"