Dishi Moja, Nyumba Nne

Umati wa Mtaa wa Abdulaziz, hapa Kairo, ulimsukuma Rawya mpaka akajishika kwenye meza ya fundi wa dishi. Alivaa mtandio wa rangi ya zaituni, na mkononi alikuwa na kigawanyio cha waya alichotumwa na babake kununua.

"Hicho kitakugombanisha na majirani," fundi alimwambia. Jina lake Shukri, shati limenyooshwa pasi, vumbi la mapaa mabegani. "Ukibadilisha chaneli wewe, jirani anapoteza yake. Chukua jicho la dishi lenye midomo minne, kila nyumba na waya wake."

"Unauza vifaa au maneno?"

"Vifaa. Maneno nakupa bure."

Shukri alikuja kulifunga mwenyewe, juu ya paa la jengo letu la nyumba nne. Waya wangu, mimi mkazi wa chini mwenye magoti mabovu, aliupitisha nyuma ya kabati nisije nikajikwaa. Rawya aliliona hilo. Tangu siku hiyo simu zao hazikuisha, na baada ya miezi minne Haji Fathi, babake Rawya, alikubali kijana aje Ijumaa, watazame mpira kwanza, kisha aseme alilonalo.

Shukri alikuja na boksi la basbusa, zile keki za shira. Mpira haujafika nusu, televisheni zote nne zikapoteza picha. Majirani wakajaa ngazini. Haji Fathi alisema, wote wakisikia, kwamba hamwozi binti yake fundi wa kulipua kazi.

Shukri akapanda juu ya paa, na baada ya muda picha ikarudi.

"Ni mimi, Haji. Sikukaza vizuri," alisema, akaenda zake.

Rawya alimpigia huku akilia. Alimuuliza kwa nini leo, kati ya siku zote.

"Nisamehe, roho yangu."

"Umeniaibisha, Shukri." Akakata simu.

Asubuhi Rawya alipanda juu ya paa kuanika nguo. Banda jipya la njiwa, ambalo babake alilijenga Ijumaa ile ile asubuhi, lilikuwa limeegemezwa kwenye matofali, makinda salama ndani. Kamba ambayo babake alilifungia banda, yenye fundo analolifunga yeye tu, ilikuwa imekatwa, ikabaki ikining'inia kwenye mlingoti wa dishi. Uzito wa banda ndio uliouvuta mlingoti ukapinda. Nati za Shukri hazikuwa zimelegea hata moja.

Akapiga simu pale pale.

"Mbona hukusema ni banda la baba?"

"Mbele ya majirani zake? Angepitaje tena kwenye ngazi zile?"

"Mjinga wangu wewe."

"Bado ni wako?"

Rawya aligeuka. Babake alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la mtama, anaitazama kamba. Njiwa walianza kumdonoa viatu, naye akawamwagia mtama.

"Mwambie aje Ijumaa na wazazi wake, tusome Fatiha ya uchumba," alisema. "Nami nitawaita majirani wote, niwaambie lile fundo lilikuwa la nani."