Tusajigwe na Kioo cha Laptopu

Tusajigwe alifungua chumba chake cha kazi mapema, kabla jua halijachoma mabati ya soko la Kyela. Alifagia, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha akaweka laptopu juu ya meza na kuanza kuchapa. Wateja wake walileta barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Kazi kubwa ilikuwa mitihani ya shule moja ya Ipinda. Hiyo ndiyo iliyolipa pango la chumba.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano. Upigaji taipu alifundishwa kanisani, kwenye mafunzo ya akina mama, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ulimi wake ndio ulikuwa mzito. Wateja walizoea kumtania.

"Dada, leo umeweka ulimi kabatini?"

Alitabasamu tu, akaendelea kuchapa.

Laptopu hiyo waliinunua yeye na mumewe Kenani baada ya kuuza kakao. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa za nje zikiingia kwa wingi. Maduka yaliyokuwa yakiuza chumvi na sabuni yalianza kuuza televisheni, redio kubwa na simu. Duka la mzee Hebroni lilikuwa mojawapo.

"Hii ina waranti ya mwaka mzima," Hebroni aliwaambia siku ile, akiipiga laptopu kofi la upendo. "Ikiharibika yenyewe, bila kuangushwa wala kumwagiwa maji, ileteni. Tutaitengeneza na hamtalipa kitu."

Mwaka haujafika hata nusu, kioo kikaanza kupepesa. Kisha upande mmoja ukawa giza. Tusajigwe akairudisha dukani.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Fundi wa duka la Hebroni alikuwa Andongwisye, mdogo wake marehemu baba yake Kenani. Na kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hatazamani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala na ndugu wa baba mkwe. Hamtaji jina. Akimwona anakuja, hupisha pembeni na kugeuka. Wapo walioiacha desturi hiyo. Tusajigwe alikulia Katumba Songwe, kwa mama aliyeishika sana, naye hakuiacha.

Siku ya kuichukua laptopu, alisimama mlango wa nyuma wa duka, uso ukutani. Fundi alitoka, akaiweka juu ya benchi, akakohoa kidogo, akarudi ndani. Tusajigwe akaichukua.

"Ndaga," alishukuru kwa kunong'ona, akiuambia ukuta.

Hakuifungua. Angeifunguaje? Mkwe alikuwa nyuma ya mlango. Kuikagua kazi yake palepale ilikuwa sawa na kumvua nguo.

Nyumbani aliiwasha. Kona moja ya kioo ilikuwa na ufa. Gundi ilikuwa imeganda pembeni kama kamasi la mtoto. Chini ya kioo palikuwa na giza lenye upana wa vidole viwili, na herufi zikifika hapo zinazama. Kifuniko hakikufunga mpaka ukikandamize.

"Nenda kamwambie baba mdogo," alimwambia Kenani.

Kenani alikwenda, akarudi na uso uliokunjamana.

"Anasema ilitoka kwake nzima. Labda umeibana njiani."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema ndiyo, baba."

"Kenani."

"Ulitaka nimwambie anadanganya? Hilo shamba la kakao tunalolima ni la nani, mke wangu? Amelitoa kwa mkono wake, atalichukua kwa mkono huohuo. Chapa hivyohivyo. Giza lenyewe ni dogo."

Akachapa hivyohivyo. Mitihani ya majaribio ilipofika, alichungulia, akakisia, akasogeza maandishi juu na chini mpaka macho yakauma. Juma lililofuata Mwalimu Wilson wa Ipinda alishuka kwenye baiskeli yake mlangoni, hakusalimia.

"Swali la saba limetokea mara mbili," alisema. "La nane halipo. Watoto wamekaa darasani wanatazamana, mimi nasimama mbele yao kama mjinga."

"Kioo kina giza, mwalimu."

"Mimi sikukipa kioo kazi. Nilikupa wewe. Mitihani ya mwisho wa muhula nitakuja nayo. Nikikuta mashine bado hivi, nitaipeleka mitihani yangu Tukuyu, na sitarudi tena hapa."

Alipoondoka, Tusajigwe aliifunga laptopu ndani ya kitenge na kuufunga mlango. Jirani yake wa biashara, Doreen, alikuwa nje akipanga vyungu. Doreen ni Mkisi wa Lyulilo. Aliuza vyungu vya kwao, na vitenge alivyovifuata ng'ambo ya mpaka, Karonga, kwa shangazi zake.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa yule fundi wa redio pale stendi. Ataifungua, aone."

"Rudi ndani. Akiifungua yule, umekwisha. Hebroni atasema imeguswa na mtu baki, na waranti itakufa papo hapo. Ina muda bado?"

"Ina muda."

"Kile kikaratasi cha waranti unacho?"

"Kipo."

"Sasa kwa nini unalia na mali yako?"

Tusajigwe akamweleza. Habari ya mlango wa nyuma, ya benchi, ya Kenani. Doreen alisikiliza akisugua chungu kwa kitambaa.

"Ulipoichukua, uliiwasha?"

"Ningeiwashaje mbele ya mkwe?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwetu Lyulilo mtu akija kununua chungu, anakigonga. Kikilia vizuri, anakichukua. Kikilia vibaya, kina ufa. Mama yangu hakuwahi kununa kwa sababu mteja amegonga. Wasiogonga ndio aliowaogopa, maana chungu kikimvujia huko kwake, anarudi na matusi."

"Mama yako hakuwa mkwe wa wateja."

Doreen akacheka. "Kumbe ulimi unao. Basi nisikilize vizuri. Aliyekupa waranti ni nani? Ni fundi?"

"Ni Hebroni."

"Ndiye huyo. Fundi ni mkono wake tu. Ahadi ni ya duka. Na ahadi haiishi kwa sababu wamekwisha kuigusa mara moja. Kama walitengeneza vibaya, bado wanadaiwa kutengeneza. Humshitaki mkwe. Unamdai mwenye duka. Nenda mlango wa mbele, mchana, duka likiwa na watu. Iwashe, aone. Eleza ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa. Ukiiacha kwake, akuandikie kwamba ameipokea na ina tatizo gani. Akikataa, kuna afisa biashara pale wilayani."

"Twende wote. Utasema wewe."

"Nitakusindikiza. Kusema utasema mwenyewe. Mimi sikununua laptopu."

Kesho yake walikwenda. Duka lilikuwa limejaa. Hebroni alikuwa akimwonyesha mteja redio. Tusajigwe aliweka laptopu juu ya kaunta, akaiwasha, akasubiri mpaka lile giza lionekane.

"Shikamoo, mzee. Nilileta hii kioo kikiwa kinapepesa. Kimerudi kina ufa, kina gundi, na chini hapaonekani. Waranti haijaisha."

Hebroni hakuitazama. "Mama, hilo kamalizeni na fundi. Ni mambo yenu ya kifamilia."

"Sikununua kwa familia," alisema Tusajigwe. "Nilinunua kwako."

Mteja wa redio akageuka. Hebroni akaona watu wamenyamaza. Akatabasamu, kisha akaita kwa sauti kuelekea nyuma.

"Fundi Andongwisye! Njoo huku mbele. Mkweo ana maneno."

Alijua alichokuwa akifanya. Alijua mwanamke yule angekimbia. Tusajigwe alisikia kandambili zikija, na miguu yake ilitaka kutoka. Akajifunika kitenge kichwani. Akageukia rafu ya betri na sabuni, akaipa kaunta mgongo. Lakini hakutoka.

"Mzee Hebroni," aliiambia rafu, "muulize fundi wako kama aliiwasha kabla ya kunipa."

Andongwisye naye alikuwa ametazama upande wa pili. "Mwambie umeme ulikuwa umekatika."

"Muulize, laptopu haina betri yake?"

Mtu mmoja akaguna. Doreen akamkanyaga mguu.

"Muulize kioo alichoweka ni kipya?"

Fundi alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwambie kioo kipya sikupewa. Nilipewa kilichotolewa kwenye laptopu iliyoanguka. Niliambiwa nikigandishe, kikae hivyo mpaka waranti iishe."

"Nani alikwambia?" Hebroni aliuliza haraka, kabla hajafikiri.

"Wewe."

Mteja wa redio aliirudisha redio juu ya kaunta taratibu, akatoka.

Hebroni alicheka peke yake. "Fundi amechanganya mambo. Mama, kioo kipya kitaagizwa Dar es Salaam. Acha mashine."

"Niandikie kwamba umeipokea, na shida yake."

Akamwandikia.

Kioo kilipofika, kilifungwa na kijana mgeni kutoka Mbeya. Safari hii Tusajigwe hakuwa na wa kumgeuzia uso. Aliifungua laptopu palepale kaunta. Alitazama kona zote, akafungua ukurasa mweupe kutafuta giza, akafunga kifuniko na kukifungua tena. Kilikuwa kizuri. Mwalimu Wilson alileta mitihani yake, na maswali yote yalitoka kwa mpangilio.

Andongwisye alikuwa amekwisha kufukuzwa. Hebroni aliwaambia watu wa Kyela kwamba alimwondoa kwa sababu ya kazi mbovu, na wengi walimsifu kwa kuwajali wateja.

Nyumbani kwa wakwe hakuna aliyemtukana Tusajigwe. Siku moja ya kupika msibani kwa jirani walimwachia nafasi kubwa jikoni, wakakaa upande mwingine. Mama mkwe wake alisema mara moja tu, akichambua mchele.

"Wewe umepata kioo. Sisi tumekosa mshahara. Na umesema mbele ya mkwe."

"Nilimpa mgongo, mama."

"Alikusikia."

Shamba la kakao walilichukua baada ya mavuno. Kenani akaenda kulima mpunga wa kukodi. Hakumlaumu mkewe kwa mdomo. Aliacha tu kumsimulia habari za jioni.

Siku moja alikuja chumba cha kazi na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Ni ya baba mdogo. Anaomba kazi kwenye duka moja Tukuyu."

Tusajigwe akaanza kuchapa. Jina, umri, miaka ya ufundi. Kisha vidole vikasimama. Karatasi ilisema, *Kazi ya Kyela niliiacha kwa hiari yangu mwenyewe.*

"Niandike hivi?"

"Andika kilichoandikwa."

Akaandika. Printa ilipoitoa, Kenani alinyoosha mkono. Tusajigwe hakuiachia.

"Isome kwanza."

"Nina haraka."

"Siku hizi hapa hakuna anayeondoka na karatasi ambayo hajaisoma. Hata wa nyumbani."

Kenani aliisogeza karatasi machoni. Kisha akasoma kwa sauti, akiwa amesimama, kuanzia juu. Alipofika pale pa hiari alipunguza sauti, akaendelea mpaka kwenye sahihi.

Haikuwa na kosa hata moja.