Saa ya Kompyuta Kubwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Miluska alifagia ofisi ya mabasi ya mji wa Abancay, ambako mama yake, Zoraida, alikata tiketi dirishani. Leo ufagio ulikuwa mkononi lakini macho yalikuwa mlangoni. Mama alikuwa amempeleka Beto, mdogo wake Miluska, kwa bibi yake, na bado hakuwa ametokea. Jana tu bosi, Don Fidencio, alisema wazi: "Zoraida, ukichelewa tena, usihangaike kuja."

Kila mfanyakazi alipofika aliandika jina lake kwenye kompyuta, nayo iliandika yenyewe saa aliyofika. Miluska alijua kwamba kompyuta zote za ofisi zilifuata saa ya ile kubwa ya chumba cha nyuma. Chumba kilikuwa wazi. Don Fidencio alikuwa nje akinunua emoliente, kinywaji chake cha moto cha mitishamba. Miluska aliingia mbio, akairudisha saa nyuma dakika ishirini, akatoka, akaushika tena ufagio.

Mama alifika akihema, akaandika jina lake, akashangaa.

"Kumbe nimewahi!"

Miluska alitaka kuirekebisha saa, lakini bosi alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta ile na kikombe chake. Msichana akafagia tena palepale alipokwisha kufagia.

"Wewe mtoto, una siafu miguuni?" bosi akamuuliza.

Mara akaingia mwanamke mwenye kikapu cha simbilisi, tiketi mkononi, anafoka.

"Nyie watu! Mnaniuzia tiketi ya basi lililokwisha ondoka? Binti yangu anaolewa leo jioni Cusco. Niende kwa miguu?"

Don Fidencio alitazama kompyuta ya dirishani, kisha ya mizigo. Zote zilionyesha kwamba saa mbili, saa ya basi kuondoka, haijafika.

"Mashine zote zinakubaliana," alisema, uso umemwiva. "Ni Abundio huyo, ameondoa basi mapema! Anafuata saa yake ya mkononi ya enzi za babu yake. Akirudi, namfukuza kazi."

Miluska aliuangusha ufagio. Don Abundio, dereva aliyemletea mahindi ya kuchemsha kila safari! Akisema, mama atafukuzwa. Asiposema, atafukuzwa mtu asiye na kosa.

"Si yeye," alisema huku akilia. "Ni mimi. Niliirudisha nyuma saa ya kompyuta kubwa, ili mama asionekane amechelewa."

Don Fidencio alimpigia dereva simu amsubiri abiria kwenye kituo cha mafuta, akamwitia yule mwanamke teksi, kisha akairudisha saa mahali pake.

Mama alifuta jina lake, akaliandika upya. Safari hii kompyuta ilisema kweli: amechelewa.

"Haya, bosi. Nikamchukue Beto kwa bibi yake, kazi imeisha?"

Don Fidencio aliguna. "Kwa nini hukuniambia una mtoto wa kupeleka? Kuanzia kesho utashika zamu inayoanza saa tatu. Na wewe Miluska, Abundio utamwomba radhi mwenyewe."

Walipobaki wawili, mama alimfuta machozi kwa kona ya shali yake.

"Zile kompyuta zilidanganya kwa sababu ziliambiwa, mwanangu. Zenyewe hazijui kitu. Wewe ulijua. Siku nyingine nikichelewa, acha nichelewe. Sitaki kuwahi kwa uongo."